Tupeane uzoefu: Uliwahi kuwapikia rafiki zako chakula cha Kijapani nyumbani? Ilikuwaje?

Mdau wa Nagoya (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nipo Nagoya mwaka wa tatu, masomo. Mwezi uliopita nikajitia ujasiri, nikaalika watu saba kwangu: Wabongo wanne na Wajapani watatu ninaosoma nao. Nikatangaza kabisa, leo mnakula Kijapani kwa mkono wangu. Tempura (kamba waliovikwa unga na kukaangwa), samaki wa kuchoma kwa chumvi, chawanmushi, supu ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa), wali.

Kilichoniponza ni tempura. Ile kitu haina subira. Ikikaa dakika tano tu imelegea kama bhajia ya jana. Sasa wageni wamekaa kwenye meza fupi, mimi nipo jikoni na jiko la plate mbili, nakaanga kamba watatu, nawakimbizia, narudi. Sikukaa nao hata dakika kumi. Huku chawanmushi, ambayo ni mayai na dashi (mchuzi wao mwepesi wa mwani na samaki mkavu) mara tatu ya ujazo wake, inataka mvuke wa polepole. Nimeisahau kwenye moto mkali, imetoka na vitundu kama sifongo ya kuoshea vyombo.

Wajapani walisema "oishii" (kitamu) kwa kila kitu, hata sifongo. Ila Mbongo ni Mbongo. Nakusanya vibakuli, jamaa yangu mmoja ananiuliza kwa upole kabisa: "Kaka, asante kwa vionjo. Chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?"

Waliowahi kufanya hii kitu, leteni yenu. Nataka kurudia.

Shemeji wa Saitama

Pole mdogo wangu, nimecheka hadi mume wangu kauliza kuna nini. Nimeolewa huku miaka kumi na moja. Mwanzoni na mimi nilidhani mgeni hapewi heshima mpaka umekaanga mbele yake. Mama mkwe ndiye aliyenitoa tongotongo.

Mlo wa nyumbani wanauita ichiju sansai, supu moja na vitoweo vitatu, pembeni wali na mboga kidogo za kuchachusha kwa chumvi. Yeye sheria yake ni moja: katika vile vitatu, kimoja tu ndicho kiguse moto wageni wakiwa wameshafika. Nikujaga (nyama, viazi na vitunguu) anapika mchana na kuiacha ipoe, kwa sababu viazi hunywa mchuzi vinapopoa. Mchicha anauchemsha, anaukamua, anauweka kwenye friji na mchuzi wake. Jioni anachoma samaki tu. Supu ipo tayari, ila miso anaikoroga mwishoni kabisa moto ukiwa umezimwa, maana ikichemka harufu yake yote inapotea hewani.

Halafu vyombo. Wali kushoto, supu kulia, vijiti vimelala mbele, ncha zinaangalia kushoto. Mimi mara ya kwanza nilipanga kinyume, baba mkwe akala bila neno, ila nikamwona anabadilisha vibakuli taratibu kama mtu anayerekebisha tai. Kwa mila zao, chakula kilichopangwa vile kinakaribia kuwa cha maiti. Na usimwache mgeni wako wa Kibongo achomeke vijiti vikasimama kwenye wali. Hivyo ndivyo wanavyomwekea marehemu.

Zawadi pia: nilimpelekea mama vibakuli vinne vizuri. Kimya. Nne kwao inatamkwa "shi", sawasawa na kifo. Seti za vyombo madukani huku nyingi ni tano tano.

Mwana wa Mkunazini

Assalam alaykum. Mie nilikaa Kagoshima miaka miwili, sasa nipo nyumbani Unguja na kila Idi ya pili nawafanyia marafiki usiku wa Kijapani. Tatizo langu lilikuwa dashi. Ule mwani mkavu wao, kombu, na minofu ya jodari iliyokaushwa ikaparuzwa, hapa huvipati, na ukivipata bei yake unaweza kununua jodari mzima.

Nikasema mwani si tunao, kina mama wa Paje wanalima. Nikachemsha. Jamani! Ule wetu unauzwa nje kutengenezea kitu cha kugandishia vyakula, si wa mchuzi. Nikapata uji wa bahari.

Jawabu lilikuwa dagaa. Kule wana niboshi, vidagaa vilivyochemshwa kwa maji ya chumvi kisha vikaanikwa. Dagaa wetu wa Unguja wanafanywa vivyo hivyo. Toa vichwa na matumbo, la sivyo mchuzi unakuwa mchungu. Waloweke kwenye maji baridi nusu saa au usiku kucha, pasha taratibu, chuja. Ila dagaa wetu wana chumvi kali, kwa hiyo punguza miso. Mgeni mmoja wa Kijapani alikunywa akanyamaza, akaniambia inamkumbusha supu ya bibi yake.

Kijana wa Nyali

Uzi mzuri. Wenye wageni Waislamu muwe macho na chupa. Mimi hapa Mombasa niliwapikia jamaa kuku wa teriyaki, kanukia mtaa mzima. Shangazi akaingia jikoni, akachukua chupa ya mirin (mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia), akavaa miwani. Mirin halisi ina kilevi kama asilimia 14. "Mwanangu, hiki ni nini?" Kuku wote, kilo tatu, hawakuliwa. Nikaagiza biriani.

Siku hizi natumia shoyu (sosi ya soya), sukari na maji kidogo, ule mng'ao unatoka vilevile. Soma karatasi ya miso pia, baadhi huongezewa spiriti ili isiharibike. Na shoyu yenyewe ikichachuka hutoa kilevi kidogo, kwa hiyo mimi humwambia mgeni mapema, aamue mwenyewe.

Moshi Kwetu

Mnaongelea vitoweo, mimi niliaibika kwenye wali. Nilikuwa na mchele wa Kijapani wa punje fupi, nikauosha mpaka maji yakawa meupe kidogo tu, nikauloweka nusu saa, nikapika bila mafuta wala chumvi kama walivyonifundisha. Umetoka unang'aa, umeshikana, nikajisifu. Mama yangu kauangalia: "Wali hauna chumvi, hauna nazi, umegandana. Nani mgonjwa humu?"

Ila alipokwangua sufuria akakuta ukoko, tukaelewana. Nikamwambia Wajapani nao wanaugombania, wanauita okoge. Akasema basi ni watu.

Mdau wa Nagoya (mleta uzi)

Nacheka mwenyewe kwenye treni. Swali: sushi je? Kuna mtu kaniambia nifanye.

Shemeji wa Saitama

Fanya temaki. Wali wa siki kwenye bakuli kubwa, karatasi za nori (mwani mkavu), vitu katikati, kila mtu anajisokotea wake. Ndiyo sushi ya nyumbani hasa, na wewe unakaa unakula. Samaki mbichi nunua pale palipoandikwa wa sashimi, yaani wa kuliwa mbichi. Walio Afrika Mashariki, msije mkachukua sato au sangara wa ziwani mkamla mbichi, tafadhali. Wekeni tango, yai la kukaanga, parachichi, kamba wa kuchemsha.

Mdau wa Nagoya (mleta uzi)

Mrejesho, wakuu. Jumamosi nimerudia, watu wale wale. Baridi imeingia, nikaamua nabe: chungu kimoja katikati ya meza kwenye jiko dogo la gesi, kuku, kabichi, uyoga, tofu, kila mtu anachota. Mchicha wa mama mkwe wa Saitama ulikuwa kwenye friji toka mchana. Mirin sikugusa, tuna Waislamu wawili. Nilikaa muda wote, hadi miguu ikafa ganzi nikashindwa kuinuka kufungua mlango.

Yule jamaa wa "chakula chenyewe" alikuja na hotpoti ya chapati, tahadhari. Akaiacha mlangoni pembeni ya viatu kwa aibu. Kumbe desturi ya nabe, mchuzi ukibaki mwishoni mnatia wali au tambi mnamalizia. Mimi wali ulikuwa umeisha. Wajapani wakaniangalia, mimi nikaangalia hotpoti.

Saa nne usiku chapati kumi na mbili zilikuwa zimekwisha, na sasa wanauliza kama Jumamosi ijayo ni zamu yake kupika.