Filamu za kuchekesha kwa uso mkavu kuhusu kundi linalosambaratika: tupeane uzoefu

Bundi: Wakuu, jana nimerudia Metropolitan ya Whit Stillman, ile ya 1990, na usingizi ukakataa. Vijana wa kitajiri wa Manhattan, likizo ya Krismasi, kila usiku dansi, kisha wanajazana sebuleni kwa Sally kubishana hadi alfajiri. Hakuna anayekimbizwa wala kupigwa risasi. Charlie anahubiri kwamba tabaka lao limekwisha, na kabla likizo haijaisha kundi lenyewe limeshayeyuka. Nani mwingine filamu za namna hii zimemgusa?

Kalamu2: Mimi. Pale Tom anapokiri kwamba riwaya hasomi, anasoma uhakiki wake tu, nilicheka nikiwa peke yangu chumbani.

Saba: Sisi tulikuwa saba, kila Ijumaa kwangu. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Mmoja alioa, mmoja akahamishwa kikazi, wengine wakawa wa "wiki ijayo". Ijumaa moja nikapanga vikombe saba kama kawaida. Akaja mmoja. Tukakaa tunawazungumzia wasiokuwepo, kila nikimtazama naye anatazama saa. Saa tatu akaaga. Nikaviosha vyote saba, hata vitano ambavyo havikuguswa, maana kuvirudisha kabatini vikiwa vikavu nilishindwa. Miezi mingi baadaye ndipo nikaiona hiyo filamu. Tom na Charlie wamebaki wawili, wako baa na mzee mmoja wa tabaka lao, anawaambia hapendi kabisa kuulizwa anafanya kazi gani. Watu wanacheka pale. Mimi nililia.

Kalamu2: Saba, pole sana.

Jiwe: Samahani, ila watoto wa matajiri kukosa dansi ndiyo tuwalilie?

Bundi: Jiwe, umeitazama kweli? Tom si tajiri. Anaishi na mama yake, na kwenye baridi ya Desemba anavaa koti la mvua. Stillman mwenyewe aliuza nyumba yake apate hela ya kuitengeneza, na muswada ukateuliwa kuwania Oscar.

Jiwe: Kuteuliwa hakuifanyi iwe yangu. Wanaongea mno.

Kalamu2: Kuongea ndiko kunakobeba filamu! Wakinyamaza ujue wameachana.

Mti Mkavu: Tuache hayo. Saba, yule mmoja aliyekuja, mnaongea?

Saba: Salamu za sikukuu tu.

Jiwe: Kundi likifa lizike, tafuta watu wapya. Hapo sina ubishi na mtu.

Mti Mkavu: Usimsikilize. Aliyekuja siku wengine hawakuja, huyo mtafute.

Bundi: Kwanza itazame The Last Days of Disco, 1998, ya Stillman huyohuyo. Disko imekufa, kazi zimepotea, na bado mwishoni behewa zima la treni ya chini ya ardhi linacheza.

Saba: Nimempigia sasa hivi. Imeita hadi ikakatika. Nitajaribu tena Ijumaa jioni.