MJADALA: Nani alipie kupima udongo wa karakana na viwanda vya zamani Mtwara?

Mleta mada (Mtwara mjini):

Wakuu, salaam.

Nyuma ya mtaa wetu kuna eneo lililokuwa karakana ya malori na jenereta. Ilifungwa nikiwa darasa la tano. Mwaka huu dalali analikata vipande na watu wawili wameshachimba msingi. Jumapili nilisimama pale fundi akichimba shimo la choo. Juu mchanga ni mwekundu kama kwetu sote, lakini kufika usawa wa goti ukageuka mweusi, unanata kwenye koleo, unanuka dizeli. Akautupa pembeni, na watoto wakaanza kuufinyanga magari. Hatua kama thelathini kutoka hapo kuna kisima cha ndoo.

Msimamo wangu: Serikali ilipie upimaji wa maeneo ya aina hii kabla ya mchoro wa viwanja kupitishwa, kisha aliyechafua akipatikana adaiwe.

Najua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka mchafuzi alipe. Sawa kabisa, ila mchafuzi wa 1985 tutampata wapi leo? Angalia viwanda vya korosho vya huku kusini: vilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vingi vikasimama, vikabinafsishwa, vingine vikageuzwa maghala. Tukisubiri mwenye kosa ajulikane kwanza, nyumba zitakuwa zimeshaezekwa.

Kazi yenyewe huanza bila maabara. Unatafuta ramani za zamani, unakaa na wazee waliofanya kazi pale wakuoneshe oili ilimwagwa wapi, betri zilipasuliwa wapi, transfoma ilisimama wapi. Ndipo unatoboa ardhi sehemu chache kwa vina tofauti na kupeleka sampuli zitafutwe madini ya risasi, mafuta, na PCB, ile kemikali ya kwenye mafuta ya transfoma za zamani ambayo Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zisizooza, umeweka 2028 kuwa mwaka wa mwisho wa nchi kuishughulikia kwa usalama. Wazee hao tunawazika mmoja mmoja, wakuu, na wanaondoka na ramani kichwani.

Mchangiaji (Masasi):

Mkuu, zahanati yetu dawa zinaisha kabla ya mwezi kuisha, halafu halmashauri ikapime mchanga? Anayenunua kiwanja apime mwenyewe. Mbona mikorosho tumeipulizia salfa tangu utoto na tupo?

Mleta mada:

Ndugu yangu wa Masasi, la zahanati silibezi hata kidogo. Lakini salfa inakuwasha macho usiku kucha, kwa hiyo unajua umeguswa. Risasi haiwashi wala hainuki. Inaingia kwenye damu ya mtoto na kumharibia ubongo, mzazi anadhani mwanawe ni mzito wa masomo. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kupata risasi, na mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kupima mapema kungegharimu sehemu ndogo sana ya hizo.

Na mnunuzi akipima peke yake akakuta sumu, atafanya nini? Atanyamaza amuuzie mwingine. Ndiyo maana nataka hela iwe ya umma, ili na majibu yabandikwe ofisi ya mtaa kila mtu asome. Marekani, tangu sheria yao ya 2002, miji inaomba ruzuku ya kupima ardhi ya namna hii, fungu la kusafisha likiwa kando. Mwaka 2021 waliongeza dola bilioni 1.5. Siombi kiasi hicho. Naomba mpangilio huo tu, uanze na Mfuko wa Taifa wa Mazingira uliomo kwenye sheria yetu wenyewe, na kipande cha ushuru wa korosho.

Mchangiaji (Lindi):

Nakuunga mkono nusu, kaka. Hofu yangu ni hii: wakishatangaza kuwa eneo lina sumu, bei inaanguka, na bibi aliyejenga chumba chake pale miaka ishirini iliyopita anaambiwa ahame. Fidia hataiona.

Mleta mada:

Dada, hapo umenigusa, na kusema kweli kabla hujaandika sikuwa nimewafikiria waliokwisha kujenga. Kwa viwanja ambavyo havijauzwa sibadili neno. Kwa wanaoishi tayari, naona amri ya kwanza iwe maji: kisima kifungwe siku bomba linapofika, si kabla, na udongo wa juu uondolewe pale watoto wanapocheza. Kuhama kuwe jambo la mwisho, na fidia itangulie.

Wazee watatu wa ile karakana wamekubali kuja Jumamosi kutuonesha. Nimeshamwandikia mtendaji wa mtaa kumwomba asimamishe uchimbaji mpaka siku hiyo. Mwenye ramani ya mji ya miaka ya 1970 au 1980, hata picha iliyofifia, tafadhali aiweke hapa.