Walimu wa twisheni, acheni kuwaimbisha watoto "ikivuka inabadilika ishara"!

Wakuu, hii sentensi inawaharibia watoto aljebra tangu kidato cha kwanza, na nashangaa bado watu wanalipwa kuifundisha. Eti namba ikivuka alama ya usawa inabadilika ishara. Hakuna namba inayovuka popote! Mlinganyo ni mizani. Kwenye x + 7 = 22 unatoa 7 huku na unatoa 7 kule, mizani haiinami, x inabaki 15. Kuna ugumu gani kulieleza hilo?

Sasa angalieni matokeo ya wimbo wenu. Mtoto anapewa −2x = 10, anaandika x = 10 + 2, jibu 12. Mnamwita mzembe, kumbe amewatii: ameona hasi, ameivusha, imekuwa chanya. Hakuna aliyemwambia kwamba −2 hapo inazidisha x, kwa hiyo inaondolewa kwa kugawanya kila upande kwa −2, na jibu ni −5.

Mabano ndiyo balaa zaidi. Chukua 3 − 2(x − 4) = 15. Kuna wanaoanza na 3 − 2 wakapata 1, wakamaliza na x = 19. Wengine wanafungua mabano vizuri mpaka kwenye −4, hapo wanasahau kwamba hasi mara hasi ni chanya, wanaandika 3 − 2x − 8 na kutoka na −10. Njia sahihi ni 3 − 2x + 8 = 15, yaani 11 − 2x = 15, kisha −2x = 4, x = −2. Kinachoniudhi hasa ni kwamba hamuwafundishi kurudisha jibu kwenye swali. Weka −2: ndani ya mabano inakuwa −6, ukizidisha kwa −2 unapata 12, jumlisha 3, ni 15. Weka 19 uone: inakuja −27. Mtoto angejikamata mwenyewe kabla hajakusanya karatasi.

Na (a + b)² kuwa a² + b², hilo kosa linafika mpaka kidato cha nne. Daftari la hesabu lina vyumba tayari! Chora mraba wa vyumba 5 kwa 5, kata kila upande kwenye 3 na 2. Vinatoka vipande vinne: 9, 6, 6 na 4. Hizo 6 mbili ndizo 2ab ambayo mtoto anaiacha, anabaki na 13 badala ya 25.

Jometri ndiyo imetelekezwa kabisa. Madesa, zile notisi zenu, yanaorodhesha masharti ya pembetatu kulingana (yaani kuwa sawa kabisa kwa umbo na ukubwa) kama orodha ya sokoni, hakuna anayesema kwa nini pembe lazima iwe KATIKATI ya zile pande mbili. Mtoto akiona pande mbili na pembe yoyote, anaandika "zinalingana", anakosa alama zote za uthibitisho. Tena wengine wanapima mchoro wa mtihani kwa protakta, wakati mchoro ule haujachorwa kwa vipimo halisi.

Mkebe wa hesabu mmewanunulisha wa nini? Piga mstari mrefu kuanzia A. Pima nyuzi 30 hapo A, piga mstari wa pili, weka B kwenye mstari huo, sm 8 kutoka A. Fungua bikari sm 5, sindano iwe kwenye B, zungusha. Tao linaukata mstari wa chini mara mbili, karibu sm 3.9 na sm 9.9 kutoka A. Unapata pembetatu mbili zenye pande za sm 8 na sm 5 na pembe ileile ya nyuzi 30, na ukizitazama tu unaona hazilingani. Ukiwa na pembe mraba (nyuzi 90), upande ulio mkabala nayo na upande mmoja mwingine, hapo inakubali, kwa sababu tao linaukata mstari wa chini mara moja tu.

Karatasi ya kidato cha nne inataka njia ionyeshwe wazi, na wimbo hauna njia ya kuonyesha.

Wazazi, kabla hamjalipa ada ya mwezi ujao, mpeni huyo mwalimu bikari na hivyo vipimo vitatu: nyuzi 30, sm 8, sm 5. Muulizeni zinatoka pembetatu ngapi.