MREJESHO: samaki ningu kupotea huku kwetu Nyando

Wadau niliuliza mwezi wa pili mbona siku hizi ningu hawapandi mto Nyando mvua ndefu ikianza, nimerudi. Asanteni wote, hata yule alinicheka.

Tulishika kwanza ushauri wenu wa kutoziba mto na nyavu, sababu ningu hutoka Ziwa Victoria na kupanda mto kutaga mayai wakati wa mafuriko, sasa ukiziba mto na neti ngambo hadi ngambo unavua mama na mayai yake tumboni. Tukakaa na watu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi ufuoni), wazee wakakubali kuacha katikati wazi mpaka mvua iishe, na kweli mwezi wa tano tukawaona, si wengi kama zamani za babu lakini walipita. Vijana wachache bado hutega usiku, hao wametushinda.

Mianzi tuliyopanda kushika kingo za mto ilikuwa hasara, maji yalibeba karibu yote maana tulipanda tumechelewa, mvua ishaanza. Matete yamebaki, na pale tulihamisha ng'ombe wa kunywa maji mafunjo yameanza kurudi yenyewe. Maji bado ni chai ya maziwa lakini, udongo unatoka juu huko.