Programu nimeifuta, huduma yake bado inaamka na kompyuta

DadaSteshenari_Tandika
Wakuu habari za jioni. Nina steshenari Tandika. Kompyuta ya dukani ni ya mtumba, Windows 10, RAM 4 GB, diski ile ya kuzunguka. Nikiwasha asubuhi diski inakaa asilimia 100, mteja wa kuprinti CV anasubiri, anachoka, anahamia kwa jirani.

Kuna vitu viwili nataka viondoke kabisa. Kimoja ni antivirasi ya majaribio iliyokuja na kompyuta. Muda wake umeisha, sasa kazi yake ni kunidai hela. Cha pili ni programu ya "kusasisha draiva" (draiva ni kile kinachoiwezesha Windows kuendesha kifaa kama printa) iliyodandia programu nyingine tuliyopakua. Hii ya pili kijana wangu wa dukani aliingia Program Files akafuta folda lake lote. Kwenye Control Panel jina bado lipo, na kwenye services (orodha ya huduma, yaani programu zinazojiendesha nyuma ya pazia) nako lipo, ila pale kwenye maelezo pameandikwa Error Code: 2.

Tafadhali msiniambie nipige window, yaani nifute kila kitu niweke Windows upya. Draiva ya printa niliipata kwa kuhangaika, na bando langu ni la wiki.

Chuma_Tabata
Piga window tu dada, unajichosha. Hutaki? Basi ingia services uzime kila unachoona hakina maana. Mimi nimezima kibao, mashine inapaa.

FundiAggrey
Dada, usimsikilize Chuma. Kwenye orodha ile kuna kitu kinaitwa Print Spooler. Asiyekijua ataona hakina maana. Ukikizima, kesho printa haitoi hata karatasi moja, na mkate wako ndio huo. Nipo Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Wanaoniletea mashine baada ya kuzima huduma hovyo wamenilipia kodi ya fremu. Na window ya flashi ya mtaani, ile iliyochakachuliwa, mara nyingi unatoa takataka moja unaingiziwa tatu.

Tengeneza restore point kwanza, yaani kumbukumbu ya hali ya Windows ya kurudia mambo yakiharibika. Halafu anza na antivirasi. Usiguse folda lake wala huduma zake. Programu hizi zimeundwa zikatae kufutwa, maana hata kirusi kingependa kuzifuta. Kampuni nyingi za antivirasi zina kiprogramu maalumu cha kuiondoa, bure, kwenye tovuti yao. Kipakue huko huko kwao. Vingine vinataka uingie Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu. Ikishatoka na kompyuta ikawaka upya, Windows Defender inashika zamu yenyewe, hubaki uchi.

Kwenye hiyo ya draiva ndipo penye kazi. Programu za namna hii huacha huduma, huacha kazi iliyopangwa kwenye Task Scheduler, na mara nyingine mstari kwenye Startup, orodha ya vinavyowaka pamoja na Windows. Kijana wako kafuta mafaili, lakini agizo la kuyawasha bado Windows inalo. Hiyo Error Code: 2 maana yake imeenda kulitafuta faili haikulikuta.

Bofya huduma hiyo mara mbili. Soma Path to executable uhakikishe inaelekea kwenye folda lililofutwa, si kwingine. Kisha nakili kilichoandikwa Service name. Chini yake kuna Display name, hicho kiache. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa Run as administrator, uandike (mahali pa jina weka ulilonakili):

sc.exe stop "jina"
sc.exe delete "jina"

Ikikujibu kwenye stop kwamba huduma haijawashwa, endelea tu. Na hiyo .exe usiiruke: ukiwa PowerShell, dirisha jingine la amri lililokuja na Windows 10, sc peke yake ni amri nyingine kabisa, ya kuandika ndani ya faili.

Mwisho pakua Autoruns, inayoonyesha vyote vinavyojiwasha pamoja na Windows. Ni ya Microsoft, waliipata walipoinunua Sysinternals mwaka 2006. Ndogo, haili bando. Mistari ya njano ni ya vitu ambavyo faili lake halipo. Toa tiki, usifute kwanza. Fanya kazi siku nzima, printa ikiwa salama ndipo ufute.

DadaSteshenari_Tandika
Asante fundi. Antivirasi imetoka. Kwenye delete nimejibiwa 1072, eti imeshawekewa alama ya kufutwa, lakini naiona palepale. Na jina la Control Panel je?

FundiAggrey
Dirisha la services umeliacha wazi, lifunge, ndilo linaloishikilia. Kisha bonyeza Restart, usibonyeze Shut down. Fast Startup ikiwa imewashwa, Windows haizimiki yote. Kiini chake kinahifadhiwa kwenye diski, asubuhi kinarudi na mambo yake ya jana. Control Panel bonyeza Uninstall, ikishindwa itakuuliza kama iliondoe jina kwenye orodha. Kubali.

Baharia_Kigamboni
Fundi, samahani kuchomekea. Nina laptopu used ya Dubai, ina programu ya kampuni fulani. Nimepiga window, nimebadilisha hadi diski, inarudi.

FundiAggrey
Hiyo haikai kwenye diski, mkuu. Kuanzia Windows 8, BIOS, programu ya kwenye ubao wa mashine inayoamka kabla ya Windows, inaweza kubeba programu na kuikabidhi kwa Windows kila mashine inapowaka. Makampuni huitumia kufuatilia laptopu zao zikiibiwa. Kwa kawaida anayeweza kuizima ni mwenye mali wa mwanzo, kupitia waliomuuzia ulinzi huo. Chukua risiti yako urudi dukani, na usiiuze kwa mwingine kabla hujajua ilitoka wapi.

DadaSteshenari_Tandika
Imeondoka, na printa inatoa. Ila nikiwasha diski bado inapanda, japo sasa inatulia kabla sijamaliza kufagia.

FundiAggrey
Iliyobaki ni hiyo diski ya kuzunguka na Windows yenyewe. Tafuta SSD, diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Nitakuhamishia kila kitu kama kilivyo, pamoja na draiva yako ya printa, window sipigi.