Binti mwenye kromosomu XY: tumwite nani?

Swali
Ndugu zangu, naomba msaada wa kuelewa. Binti wa dada yangu ametimiza miaka 17 bila kupata hedhi, ingawa matiti yameota na umbo lake ni la kike kabisa. Vipimo vimeonyesha kwamba kromosomu zake ni XY na kwamba hana mji wa mimba. Shuleni tulifundishwa kuwa XY ni mwanamume. Jirani ameshatamka neno huntha, nalo limemuumiza sana mama yake.

Jibu la kwanza
Somo lile la shuleni liliishia njiani. Hadi karibu wiki ya 6 ya mimba, tezi za uzazi za viinitete vyote hufanana. Jeni ya SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990 na ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y, ndiyo inayozielekeza tezi hizo ziwe korodani, nazo korodani hutoa homoni mbili: moja huinyausha mirija ambayo ingegeuka kuwa mji wa mimba, na nyingine, testosteroni, huujenga mwili wa kiume. Lakini homoni hiyo haifanyi kazi yoyote ikiwa seli haziwezi kuipokea. Kwa maelezo yako, inaelekea hali ya binti ni hiyo: mji wa mimba haukuumbika, umbile la nje likawa la kike, na wakati wa kubalehe mwili ukageuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, iliyootesha matiti. Daktari wa homoni ndiye wa kuthibitisha.

Jibu la pili
Naongeza jambo moja. Msikubali kuharakishwa kuziondoa korodani zilizo ndani ya tumbo. Hatari ya saratani ipo, lakini huwa ndogo kabla ya utu uzima, na zikiondolewa atahitaji dawa za estrojeni ili mifupa yake isidhoofike.

Jibu la tatu
Wataalamu hutofautisha jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani jinsi mtu anavyojitambua na anavyoishi katika jamii. Wengi wenye hali hii hujitambua kuwa wanawake. Neno huntha humfanya msikilizaji afikirie sehemu za siri za aina mbili katika mwili mmoja, na binti yenu hayuko hivyo. Je, yeye mwenyewe ameshaelezwa?

Muulizaji
Bado, tulimficha kwa hofu. Mama yake amekubali tumweleze kabla hatujarudi kwa daktari, ili maswali ayaulize mwenyewe.