Cheni mpya, lakini bado inaruka nikipanda mlima

Mpanda_Mlimwa:
Wakuu, habari za wikendi. Baiskeli ni ya milima, ya mtumba, tairi za inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma. Cheni ya zamani ilikuwa imelegea mpaka inapiga fremu, nikafunga mpya wiki iliyopita. Kwenye tambarare hakuna neno. Nikianza kupanda na kukandamiza pedali, cheni inaruka, ka! na mguu unadondoka. Inatokea gia ya nne na ya tano za nyuma. Ile sproketi (gurudumu la meno) kubwa kabisa haina shida.

Fundi wa kwanza kakaza waya wa gia, haikusaidia. Wa pili anataka kuikata cheni iwe fupi. Wa tatu anasema nibadilishe friwili nzima, yaani lile fungu la sproketi za nyuma. Nani yuko sahihi kabla sijatoa hela? Njia zangu ni za hapa Dodoma, Ng'ong'ona kwenda mjini, na Jumamosi vumbi la Hombolo. Cheni naipaka oili chafu ya pikipiki.

gololi_na_grisi:
Wa tatu. Ila usinunue kwa kuambiwa, hakikisha mwenyewe.

Ile cheni ya zamani umeitupa? Kama ipo, ining'inize kwenye msumari, uhesabu vipande 24, upime kwa futi ya fundi seremala kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25. Cheni mpya inatoa inchi 12 kamili, maana kila kipande ni nusu inchi. Kwa gia saba, ikifika inchi 12 na 1/16 anza kutafuta nyingine. Ikifika 12 na 1/8, ujue imeshakula meno ya nyuma.

Chuma hakijavutika kama watu wanavyodhani. Kilicholika ni pini na matundu yake, kila kiungo kinapata nafasi ndogo, na nafasi hizo zikijumlishwa cheni inarefuka. Meno nayo yanalika kuifuata cheni hiyo hiyo, kwa hiyo vikiwa vizee pamoja vinaelewana na husikii kitu. Ukileta cheni mpya, vipimo havikutani: inakaa juu ya jino badala ya kuzama shimoni, mzigo wote unabebwa na jino moja au mawili, na ukikandamiza inapanda na kuruka. Gia ya nne na ya tano ndizo unazotumia kutwa. Ile kubwa huigusi sana, na ina meno mengi ya kugawana mzigo, ndiyo maana imepona.

Kuhusu kukata cheni: usikubali. Cheni fupi ukiiweka sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma, itang'oa kile kihamisha cheni cha nyuma (mkono wenye vigurudumu viwili chini ya sproketi) pamoja na sikio lake la fremu. Kipimo chake ni hiki: izungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kihamisha, mahali inapokutana ongeza vipande viwili (inchi moja), hapo ndipo ukate.

Vumbi_la_Nala:
Naunga mkono, ila kuna mambo mawili yanayofanana na hilo, yaangalie kwanza kwa sababu hayana gharama.

Moja, kiungo kigumu. Kama fundi aliunga cheni kwa kugonga pini, kiungo kile mara nyingi kinabana. Dalili yake ni kuruka kwa mpangilio, gia yoyote ile. Cheni ya vipande 116 kwenye sproketi ya mbele yenye meno 34 inakamilisha mzunguko wake kila pedali zinapozunguka mara tatu na kitu. Zungusha pedali kinyumenyume polepole ukitazama inapopita kwenye vile vigurudumu viwili vya chini. Kiungo kigumu kitajikunja na kuruka. Kishike pande zote mbili kwa vidole gumba, ukipinde kushoto na kulia mpaka kilegee.

Mbili, vile vikucha vya ndani ya friwili. Vumbi likichanganyika na grisi vinaganda na kushindwa kung'ata. Hapo pedali inateleza mbele kama umekanyaga hewa, lakini cheni haijapanda jino. Weka gurudumu kwa ubavu, mimina mafuta ya taa kwenye upenyo kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka, zungusha mpaka yatoke safi, acha yakauke, kisha matone machache ya oili nyepesi. Funika diski kama unayo, mafuta yakiigusa breki zimekwisha.

Wewe unasema gia mbili tu, kwa hiyo siyo haya. Meno.

Mpanda_Mlimwa:
Nimepima ile ya zamani: inchi 12 na 3/16. Nimekubali. Sasa nimwambie muuzaji nataka friwili au kaseti? Kila mtu ana jina lake. Na hiyo oili ina kosa gani? Ni ya bure.

gololi_na_grisi:
12 na 3/16! Hiyo cheni ilipaswa kustaafu zamani.

Kutofautisha: toa gurudumu, tazama katikati ya sproketi ile ndogo, pale penye vijino vya kuingizia kifunguo. Zungusha sproketi kinyumenyume. Vijino vikibaki vimetulia na sproketi zikazunguka, ni friwili ya kufungwa kwa nyuzi. Vikizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Gia saba za mtumba nyingi ni friwili, na namba za kawaida ni meno 14 hadi 28. Ipo pia ya 14 hadi 34, nzuri kwa vilima, ila hakikisha kihamisha chako kinaifikia hiyo 34. Ukienda Majengo kuulizia, nenda na ya zamani mkononi.

Kuifungua friwili ndipo watu wanapoharibu. Ondoa nati ya ekseli, ingiza kifunguo mpaka mwisho, kisha rudisha nati juu yake kwa kuibana kidogo tu ili kisichomoke na kulamba vijino. Bana kifunguo kwenye jiliwa, shika tairi kama usukani wa lori, zungusha kinyume cha saa. Ikishaachia tu, simama, legeza nati, ndipo uendelee. Usipoilegeza utaivunja ekseli. Mpya ipake grisi kwenye nyuzi na uianze kwa mkono. Haba (kitovu cha gurudumu) za aluminiamu nyuzi zake ni laini, ukiingiza mshazari umeua haba. Kuikaza kwa nguvu hakuna haja, pedali zitaikaza zenyewe.

Vumbi_la_Nala:
Oili chafu: imeshabeba unga wa chuma kutoka injini, halafu ni nzito, vumbi la Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba linaganda humo na kuwa msasa. Unajipaka msasa mwenyewe kwenye pini. Bure yake ndiyo hiyo friwili unayonunua.

Tumia mafuta ya cherehani. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ikaushe, kisha tone moja kwa kila kiungo kwa upande wa ndani. Zungusha pedali dakika moja, acha usiku kucha, asubuhi futa nje kwa tambara mpaka ikauke mkononi. Mafuta yanatakiwa ndani ya kiungo. Yaliyobaki nje yanaita vumbi tu. Ni mepesi, kwa hiyo rudia kila wiki kwa njia zako, na mvua zikianza Desemba rudia kila ukinyeshewa.

gololi_na_grisi:
Kwa kiangazi mimi nasema nta ya mishumaa inashinda cherehani. Cheni ioshwe mpaka isiache doa, iloweshwe kwenye nta iliyoyeyushwa ndani ya sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto (kamwe siyo kwenye moto moja kwa moja, inashika), itikiswe, itolewe ikiwa bado moto. Vumbi halishiki kabisa.

Vumbi_la_Nala:
Inashinda kwa mwenye muda na kiungo cha kufungulia kwa mkono. Asiye nacho atakuwa anagonga pini kila mara, tunarudi kwenye kiungo kigumu.

Mpanda, ukishafunga friwili rekebisha waya upya, maana fundi wa kwanza aliuchezea. Weka sproketi ndogo ya nyuma, bofya gia moja tu. Cheni ikisita kupanda, zungusha kile kipete cha waya kwenye kihamisha nusu mzunguko kinyume cha saa, ujaribu tena, ikipitiliza, rudisha. Halafu panda kilima ukitumia sproketi ya katikati ya mbele. Ikiruka hapo wakati kubwa na ndogo za mbele hazirushi, ujue na ile ya katikati imeliwa na cheni ile ile.